Maisha ya Mwalimu Raheli Lusito, Aliyefundisha Maonyo na Kuyapokea

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka Mvumi, Chamwino, Mlali na Dodoma mjini, poleni na safari na poleni na msiba. Tuliyekuja kumsindikiza leo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, ni Mwalimu Raheli Lusito, mke wa Mzee Joshua Malugu. Wasifu huu unasomwa na binti yake, Angelina. Una mambo ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza. Familia ilibishana juu yake siku mbili, na sababu ya kuyasoma mtaisikia kabla hatujamaliza.

Mwalimu Raheli alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 hapa hapa Ng'humbilo, mtoto wa nne wa Mzee Lusito Chilewa na Mama Damari, ambao wote wametangulia. Hakulelewa sana na mama yake, kwa kuwa bibi yake mzaa baba alikuwa haoni na alihitaji mtu wa kumshika mkono. Alipewa Raheli. Alikulia kwenye tembe la bibi huyo, akimwongoza kwenda kisimani na kwenye shamba la karanga, na alizoea kutembea polepole, mwendo ambao hakuuacha hata alipokuwa mtu mzima.

Alisoma shule ya msingi Mvumi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akamaliza darasa la saba. Kila akitoka shuleni bibi yake alimtaka amsomee. Bibi hakuwa Mkristo wala hakuwa na mpango huo, ila alipenda visa vya Agano la Kale kwa sababu, alisema, watu wa humo walikuwa na mifugo na ugomvi kama wetu. Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha Balaamu, yule mtu aliyekatazwa safari na bado akaondoka, hadi punda wake akamwona malaika ambaye yeye mwenyewe hakumwona. Siku moja bibi aliuliza, "Huyo punda aliishia wapi?" Raheli alipekua kurasa mpaka ugali ukapoa. Akarudi na jibu kwamba hawakuandika. "Basi walioandika walikuwa wanamwangalia aliyepanda tu," bibi akasema, akaomba asomewe tena. Mwalimu alikuwa akisema ualimu wake ulianzia pale, kwa kuulizwa swali ambalo hakuwa na jibu lake.

Mwaka 1974 na 1975 alisoma mafunzo ya Biblia ya wanawake Dodoma mjini. Aliporudi kijijini taifa lilikuwa kwenye kampeni ya elimu ya watu wazima, naye akapewa darasa la kufundisha kusoma na kuandika, wanafunzi thelathini na mmoja, wengi wao wakubwa kuliko baba yake. Kuanzia mwaka 1980 kanisa la hapa lilimkabidhi darasa la kipaimara, na miaka michache baadaye darasa la wainjilisti, watu wa vijiji tisa waliokuja kila mwaka baada ya mavuno kujifunza miezi mitatu. Aliwafundisha wainjilisti sitini na wanne. Aliwafundisha zaidi maonyo: Miriamu aliyemsema ndugu yake, Kora na wenzake waliotaka makuu, Mfalme Nebukadneza aliyekula majani kama ng'ombe mpaka akili ilipomrudia. Wanafunzi wake walimwogopa kidogo. Alikuwa haongezi sauti. Alikuwa anasimulia, anafika mahali panapouma, ananyamaza, anafuta ubao.

Katika lile darasa la kwanza la watu wazima ndipo alipomkuta Joshua Malugu, kijana wa ng'ombe wengi na maneno machache, aliyekuja mwaka 1978 akiwa hajui hata kushika kalamu. Alijifunza haraka. Kitu kimoja tu kilimshinda: mkia wa herufi g aliukunjia upande wa kulia, na mwalimu wake alichoka kumsahihisha, akauacha. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1979. Mungu aliwajalia watoto watatu. Bartolomayo alizaliwa mwaka 1981, Angelina mwaka 1984. Wa tatu, Penina, alizaliwa mwaka 1988, akaishi miezi saba. Kwa miaka mingi ndoa ile ilikuwa nzuri, na tunalisema hili tukiwa tumeishi ndani yake. Mzee alipotoka machungani alikuwa anapitia dirishani kwa mkewe kwanza, kumwambia mvua imefika wapi, ndipo aende zizini.

Kati ya wainjilisti waliopita mikononi mwake alikuwamo Obedi Ndahani. Alikuja mwaka 1991 akiwa na miaka ishirini, mwenye kipaji cha kusema ambacho Mwalimu alikitambua wiki ya kwanza. Alimlaza nyumbani kwake misimu miwili. Alimwandikia barua ya kumwombea nafasi kwenye chuo cha uchungaji, na alipokwama kwenye masomo alimtumia madaftari yake ya kufundishia. Mwaka 2004 Obedi alirudi Ng'humbilo akiwa mchungaji wetu. Siku alipoingia kanisani na kanzu yake, Mwalimu Raheli alilia, akasema amepata mshahara wake.

Mwaka 2008 baraza la wazee wa kanisa lilichaguliwa kwa kura, na Jumapili iliyofuata Mchungaji Obedi akasoma majina mengine aliyoyapanga peke yake. Watu waliguna, wakanyamaza. Mwalimu alimfuata ofisini, akafunga mlango, akamsimulia kisa cha Mfalme Uzia, aliyefanikiwa katika kila kitu mpaka akajiona anaweza kuingia hekaluni na kufukiza uvumba, kazi ambayo si ya wafalme, akatoka na ukoma kwenye paji la uso.

"Mchungaji, nakuomba uurudishe uchaguzi wa watu," alimwambia. "Nakwambia hapa, tukiwa wawili, kwa kuwa nakupenda."

"Mwalimu," Obedi akajibu, "mimi si mwanafunzi wako tena."

Alirudi nyumbani akamwambia mumewe tu. Katika yale majina mapya, jina la Joshua Malugu lilikuwamo.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Novemba 2009 mvua zilichelewa, na mkutano mkuu wa kijiji ukaamua kilima cha Chilungule kifungwe. Hakuna ng'ombe kuingia mpaka Agosti, ili majani yale yawe akiba ya kiangazi kwa mifugo ya kijiji kizima. Watu watano walichaguliwa kukilinda, na Mzee Joshua alikuwa mmoja wao. Kuanzia Machi ng'ombe wa Mzee Joshua waliingizwa Chilungule alfajiri, kwa upande wa makorongo ambako hakuna njia. Mwalimu alijua. Aliona mbegu za majani ya kilimani zimenasa kwenye mikia, na aliona maziwa yameongezeka wakati majirani wanakamua nusu kikombe. Miezi mitatu hakusema neno, na maziwa yale aliyanywa.

Jumapili tarehe 27 Juni 2010 ilikuwa sikukuu ya mavuno. Watu walileta uwele, karanga, alizeti na kuku. Mzee Joshua alileta fahali mwekundu, amenona hadi ngozi inang'aa, wakati ng'ombe wa wengine walihesabika mbavu. Mchungaji Obedi alimsimamisha mbele, akamsifu, akasema waumini wajifunze kutoa kutoka kwake. Fahali akafungwa nje karibu na dirisha. Kisha Mwalimu Raheli aliitwa kutoa somo. Somo la siku ile hakulichagua yeye, lilikuwa kwenye kalenda ya kanisa: Mfalme Sauli aliyeagizwa asibakize chochote cha Waamaleki, akabakiza mifugo iliyonona, na alipoulizwa akasema ameitunza ili amtolee Mungu. Alisimulia vizuri kama kawaida yake. Alieleza kwamba Mungu alikuwa amemtaka Sauli utii, hakuwa amemwomba nyama. Alipofika pale nabii Samweli anapouliza sauti za wanyama anazozisikia zinatoka wapi, fahali wa nje akalia.

Watu wakacheka kidogo. Angeweza kucheka nao, akaendelea. Badala yake alivua miwani yake, akaishika mkononi, akauliza, "Na huyu tunayemsikia, amenenepea majani ya wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Wale waliokuwa na wasiwasi walijua, na wale waliokuwa wanajua waligeuka kumwangalia Mzee Joshua. Aliinuka kwenye benchi la tatu, akatoka, akaenda zake kwa miguu bila kumtazama fahali. Wiki ile ile mkutano wa kijiji ulimwondoa kwenye ulinzi wa kilima. Alisimama kofia mkononi, mzee wa miaka hamsini na minane, akaambiwa maneno na vijana aliowaona wakizaliwa.

Nyumbani hakumgombeza mkewe. Alimwambia sentensi moja tu. "Mama Barto, tumeishi nyumba moja miezi mitatu."

Mwalimu aliamini amesema kweli, na alikuwa amesema kweli.

Jumapili tarehe 15 Agosti 2010, baada ya matangazo, Mchungaji Obedi alisoma barua yenye sahihi za wazee saba wa baraza. Ilisema Mwalimu Raheli anawatisha waumini kwa maonyo ya Agano la Kale. Ilisema anatumia Maandiko kuwaaibisha watu. Ilisema anafundisha utii ambao yeye mwenyewe hana, kwa mumewe wala kwa Mungu, maana siku alipozikwa mwanawe Penina aliichukua Biblia akaitupa chini. Kwa hiyo, baraza limeazimia asifundishe tena darasa lolote.

Jambo la Penina lilikuwa kweli. Lilitokea mwaka 1988, chumbani, mlango umefungwa, watu wakiwa nje kwenye msiba. Aliyekuwamo chumbani na Mwalimu alikuwa mumewe peke yake. Yeye ndiye aliyeiokota Biblia ile, akaifuta vumbi, akaiweka juu ya sanduku, akamkumbatia mkewe. Katika miaka yote ishirini na miwili hawakuwahi kulitaja, hata wao kwa wao.

Mwalimu aliomba apewe barua aisome mwenyewe. Iliandikwa kwa mkono, na kila g mkia wake ulikunjiwa kulia.

Waliokuwapo wanakumbuka kwamba aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akaitia kwenye pochi yake. Aliinuka, akaenda mbele, akaweka juu ya meza ufunguo wa kabati la vitabu. "Nimesikia," alisema. "Baraza ni baraza. Nitatii." Halafu akaenda kukaa benchi la mwisho, kwa akina mama wenye watoto wachanga. Hapo ndipo alipokaa kila Jumapili kuanzia siku ile. Mzee Joshua alibaki benchi la tatu. Walirudi nyumbani pamoja, wakala pamoja, na habari ya barua haikutajwa.

Watu mnaosikiliza, wengi wenu mlikuwapo. Wainjilisti sitini na wanne aliowafundisha, aliyekuja kumwona mwaka ule ni mmoja, na alikuja baada ya giza kuingia, akaondoka haraka. Akina mama aliowafundisha kusoma walipokutana naye njiani waliinamia madumu yao ya maji. Hata huyu anayesoma, Angelina, ambaye wakati ule alikuwa muuguzi mjini na alikuja likizo, alimwambia, "Mama, achana nayo, ni mambo madogo ya kanisa." Mama yake alimtazama, akamuuliza kama ameshakula.

Aliyekuja mchana kweupe na kukaa alikuwa Bi Sikuzani, muuza vitenge wa soko la Mvumi, rafiki yake wa tangu darasa la pili. Bi Sikuzani ni Mwislamu na mambo ya baraza hayakumhusu, ndiyo maana aliweza kuuliza. Mwalimu alimweleza yote, kuanzia kilima mpaka barua. Alimweleza akiwa na hasira, kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza alilia.

Bi Sikuzani alimwacha amalize. "Yule mchungaji wako alipokosea ulimfuata ofisini, ukafunga mlango," alisema. "Mumeo naye ulimfuata wapi?"

Mwalimu alijifuta machozi kwa khanga.

"Alichokufanyia ni kibaya, Mama Barto. Nami nikimwona sitamwamkia kwa furaha. Nauliza tu."

Mwalimu alikaa na swali hilo miezi. Alikuwa amefundisha kisa cha Musa pale Meriba mara nyingi asizoweza kuzitaja, lakini alisema mwaka ule ndio alikisikia. Watu wale walikuwa wabishi kweli, na Musa alikuwa na haki ya kuwakasirikia. Ila aliagizwa auambie mwamba, yeye akaupiga kwa fimbo. Maji yakatoka, watu wakanywa, ng'ombe wakanywa, na bado Musa hakuiingia nchi aliyoiendea miaka arobaini. "Niliagizwa niseme," alimwambia Bi Sikuzani, "nikapiga."

Kwa hiyo, Jumatatu ya Pasaka mwaka 2011, Mwalimu Raheli alimfuata mumewe zizini, akapiga magoti kwenye samadi, akamwomba msamaha. Alimwambia kwamba alijua habari ya kilima tangu Machi, kwamba alikunywa maziwa, na kwamba alipaswa kumwambia nyumbani kabla ya kumwambia kanisani. Hakutaja barua. Alisema baadaye kwamba alimwachia nafasi ile kusudi, kama mtu anavyosogea kwenye mkeka ili mwenzake akae.

Mzee Joshua alisema, "Sawa." Akaendelea kufunga ndama.

Hiyo sawa Mwalimu aliishi nayo miaka kumi na mitatu. Hatutaki kumpamba. Alimpikia, alimfulia, alimuuguza alipovunjika mguu mwaka 2014, na alimwamkia kila asubuhi. Lakini pale dirishani Mzee hakupita tena kuleta habari za mvua, na mkewe hakufungua dirisha kuzingoja. Alipoulizwa na Angelina, miaka baadaye, kwa nini asihamie kusali kanisa jingine, au asihamie kwa Bartolomayo kule Mlali, alisema, "Nilifundisha watu wakae chini ya mkono uliowekwa juu yao. Nikiondoka kwa sababu mkono umeniumiza, basi nilikuwa nafundisha hewa." Alisema hivyo bila kutabasamu. Hakuwa na furaha ya mtu mwema. Alikuwa anatii, na ilikuwa inauma.

Mwaka 2015 Mchungaji Obedi alipewa uhamisho na viongozi wake, akakataa. Aliondoka na nusu ya waumini, akaanzisha kanisa lake ng'ambo ya barabara, akaweka vipaza sauti. Aliondoka pia na madaftari ya Mwalimu, kumi na moja, yale aliyomtumia chuoni na mengine yaliyokuwa kabatini. Jumapili moja Mwalimu akiwa anapeta karanga uani, upepo ulileta mahubiri ya Obedi, na aliyasikia maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, hadi mahali alipokuwa ananyamaza ili afute ubao. Obedi naye akanyamaza hapo. Kisha akasimulia habari za Balaamu, na jinsi bibi yake, kipofu, alivyokuwa akimuuliza punda aliishia wapi.

Bi Sikuzani alikuwapo. Anasema Mwalimu aliweka ungo chini, akacheka hadi akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka. "Madaftari sawa," alisema. "Hata bibi yangu amemchukua?"

Wazee waliobaki wa kanisa la hapa walimwomba mwaka 2016 arudi kufundisha. Hawakuomba radhi, walisema tu darasa halina mtu. Alikubali darasa la kipaimara pekee, watoto kumi na wanne. Waliosoma kwake miaka hiyo wanasema hakuwa akifundisha kama zamani. Alipofika kwenye onyo alikuwa anauliza, "Nani katika hadithi hii alipaswa kuambiwa pembeni kwanza?" Na alianza kila somo kwa kosa lake mwenyewe, la wiki ile ile, dogo au kubwa, mpaka watoto wakazoea kumwambia ya kwao.

Maradhi yalianza Novemba 2022. Chakula kilimkwama kooni, kwanza ugali, kisha hata mlenda. Hospitali ya Mvumi walimpima wakampeleka Dodoma mjini, ambako aligundulika kuwa na saratani ya koo la chakula. Madaktari na wauguzi wa kote kuwili walimhudumia kwa upendo, na familia inawashukuru sana. Alipata mionzi na nafuu ya miezi michache. Kuanzia Mei mwaka huu alilishwa kwa mrija, na sauti yake ilipungua hadi ikawa mnong'ono.

Aliyemlisha alikuwa Mzee Joshua. Alikataa kusaidiwa na wakwe. Alichuja uji wa uwele kwa kitambaa, mara tatu, na aliposhindwa kumfurahisha kwa kingine alimsomea. Anasoma polepole, kidole juu ya mstari, kama alivyofundishwa mwaka 1978. Alhamisi tarehe 22 Agosti, saa nne asubuhi, Angelina akiwa anabadilisha shuka, Mwalimu alimwonyesha mumewe kwa kidole asome habari za Meriba. Alisoma. Alipofika pale Musa anapoambiwa hataingia, alifunga kitabu.

"Mama Barto," alisema, "ile barua niliiandika mimi."

"Najua."

"Sikuweka sahihi tu. Niliiandika yote. Obedi aliniletea karatasi tupu. Habari ya Penina sikuulizwa. Nilimpa mwenyewe."

"Nilijua siku ile ile. Ni herufi zako. Nilikufundisha mimi."

Mzee alikaa na kitabu magotini. "Mbona hukusema?"

Ilimchukua muda kupata pumzi. "Nilikuwa nangoja uniambie."

"Miaka kumi na minne?"

"Ndiyo."

Alimuuliza kama anaweza kumsamehe. Angelina alisikia jibu hilo, na anaapa kulisoma lilivyo. Mwalimu alisema, "Nilikusamehe zamani, Baba Barto. Kuumia ndiko hakujaisha. Usinilazimishe niseme kumeisha." Kisha akanyoosha mkono, naye akaushika, wakakaa hivyo mpaka uji ukapoa ikabidi uchujwe upya.

Waliishi pamoja siku ishirini baada ya hapo. Dirisha la chumba cha mgonjwa lilifunguliwa, na Mzee, ambaye hakuwa na habari za mvua kwa kuwa ni kiangazi, alisimama nje asubuhi akimwambia upepo unatoka upande gani.

Mwalimu Raheli Lusito alifariki dunia nyumbani kwake Jumatano tarehe 11 Septemba 2024, saa sita mchana, akiwa na miaka sitini na saba.

Alhamisi familia ilipokaa kuandika wasifu huu, Bartolomayo alisema msiba si baraza, mambo ya barua yaachwe. Wengi tulimuunga mkono. Mzee Joshua alisema, "Barua ile ilisomwa mbele ya watu. Mliotaka kunificha mnanipenda, lakini mtamzika mama yenu na uongo wangu. Andikeni." Tukabishana naye mpaka jana jioni, tukashindwa. Mchungaji Obedi alipelekewa taarifa ya msiba kwa heshima zote. Ametuma salamu kwamba ana mkutano wa injili Kongwa. Madaftari bado anayo.

Mwalimu Raheli ameacha dada mmoja, Mama Yasinta wa Chamwino. Watoto wawili, Bartolomayo wa Mlali na Angelina wa Dodoma mjini. Wajukuu sita na kitukuu mmoja. Rafiki yake Bi Sikuzani. Watoto wa kipaimara wa mwaka huu, ambao hawajamaliza somo. Wainjilisti aliowafundisha, ambao leo tumewahesabu hapa uwanjani na wamefika arobaini na wawili. Na mume, Mzee Joshua Malugu, aliyesomewa kila neno la wasifu huu kabla haujasomwa hapa, na hakufuta hata moja.

Mama, lala sasa. Mungu akupe ile amani ambayo sisi wa nyumbani tulichelewa kukupa.